Kuugua kwa Muda Mfupi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huanza kunijia kwa harufu ya ndizi zinazoungua jikoni. Nilikuwa nyumbani kwa mdogo wangu Riziki, mtaa wa Akalla hapa Stockholm, kule treni ya bluu inakoishia. Tulikuwa tumetoka kanisani. Riziki alikuwa anapika, na mimi nimekaa sebuleni na mume wake Elia, tunabishana juu ya dishi la televisheni.

Dishi lenyewe Elia alikuwa amelifunga kwenye ukingo wa balkoni. Watu wa kampuni yenye nyumba walikuwa wamekuja kugonga mlango na kumwambia aliondoe, eti linaharibu sura ya jengo. Elia hakutaka kusikia.

"Lile ni dirisha langu la kwetu," aliniambia. "Wakitaka kuling'oa, waning'oe na mimi."

"Wakikung'oa wewe, kodi ya nyumba atalipa nani?"

"Si wewe, shemeji? Huo mshahara wa hospitali unaumaliza kwa viatu tu."

Ndivyo tulivyokuwa, yeye na mimi, utani tangu asubuhi mpaka jioni. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, naye Elia alikuwa dereva wa basi. Riziki aliniita Yaya, maana kwetu, mashariki ya nchi yetu, dada mkubwa ndiye Yaya. Jirani yao Mkenya alipomsikia mara ya kwanza alimwuliza kwa sauti ya chini kama kweli wameniajiri mimi kulea watoto, na watoto wenyewe wako wapi. Tulicheka wiki nzima.

Ngoja nikueleze habari ya dishi, maana wewe umekua na simu mkononi na pengine huoni kwa nini mtu agombane na wenye nyumba kwa ajili ya sahani ya bati. Dishi lile lilituletea televisheni ya taifa na redio ya taifa ya kwetu. Jioni, baada ya taarifa ya habari, yalikuwa yanasomwa matangazo ya vifo. Jina la marehemu, mtaa wake, siku ya mazishi, kisha orodha ya jamaa: habari ziwafikie fulani aliyeko mji mkuu, na fulani aliyeko Ulaya. Sisi tuliokuwa Ulaya tulisikiliza sehemu ile roho ikiwa juu. Ilipokwisha bila jina tunalolijua, tulishusha pumzi na kuendelea kula.

Vita vya kwetu vilikuwa vimekwisha kabla ya hapo. Zamani mji wetu wa kando ya ziwa ulikuwa na stesheni kadhaa za redio. Kulikuwa na ya kanisa, kulikuwa na ya wafanyabiashara, na nyingine ambayo kazi yake ilikuwa muziki na ubishi wa mpira. Serikali mpya ilipoingia ilisema vita viliwashwa na maneno, kwa hiyo maneno lazima yawe na mwenyewe. Stesheni zile zikafungwa. Redio na televisheni ya taifa zikawekwa chini ya wizara, na kila kinachosomwa kikawa kinapita kwanza mezani kwa mtu wa wizara. Nataka uelewe jambo hili vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo watu wengi hujikwaa: sababu waliyoitoa ilikuwa na ukweli ndani yake. Baadhi ya stesheni zile zilikuwa zimehubiri chuki kweli, na watu walikufa kwa ajili yake. Sisi hapa Stockholm tulipopata habari kwamba zimefungwa, tulipiga makofi. Nami nilipiga.

Jingine lililotutuliza ni kwamba sauti haikubadilika. Msomaji alikuwa yule yule wa tangu utoto wetu, ambaye tulimwita Baba Salamu kwa sababu Jumamosi alikuwa akisoma salamu za wasikilizaji. Muziki wa kuanzia habari ulikuwa ule ule. Ukifumba macho ungedhani mama yako yuko uani anachambua mchele.

Basi jioni ile ya Jumapili Baba Salamu alisoma hivi: Yakobo, fundi wa mashine za kusaga, amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari ziwafikie shangazi zake wote, na mdogo wake Elia aliyeko Uswidi. Mazishi yatatangazwa baadaye.

Yakobo alikuwa kaka yake Elia, tumbo moja, ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa. Elia alisimama, akakaa, akasimama tena. Riziki alitoka jikoni na mwiko mkononi, na ndizi zikaungua.

Kabla giza halijaingia nyumba ilikuwa imejaa. Unajua desturi yetu, hata huku hatukuiacha. Mmoja alileta soda, mwingine viti vya kukunja kutoka kanisani, mwingine hakuleta kitu ila machozi, naye akapokewa vilevile. Tulijaribu kupiga simu kwetu. Simu ya Yakobo ilikuwa imezimwa, na za majirani hazikushika. Hatukushangaa, maana mtandao wa kule ulikuwa mbovu tangu vita. Mazungumzo yakahamia kwenye jambo moja: je, Elia aende?

Mwenyewe alitaka kwenda. "Wamesema mazishi yatatangazwa baadaye," alirudia kila mtu mpya alipoingia. "Maana yake wananisubiri. Hawawezi kumzika bila mimi."

Kwenye kiti cha karibu na kabati alikuwa amekaa Mama Kiza. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyeletwa na mpango wa wakimbizi kuja kuishi na mwanawe, jengo la pili kutoka pale. Hakuwa na muda mrefu tangu atoke kwetu, na baridi ilikuwa bado inamtesa, kwa hiyo alikaa na koti ndani ya nyumba. Tulimpa chai. Tulimwuliza kama ameanza kuizoea theluji. Akasema theluji si neno, neno ni viatu.

Baadaye aliniita kwa kidole. "Binti, wamesema aliugua?"

"Ndiyo, mama. Kwa muda mfupi."

"Na mazishi?"

"Yatatangazwa."

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema polepole, "Elia akae kwanza. Asikimbilie."

Nilidhani anaogopa ndege, au anaona mwenzetu atapoteza kazi. Nikamshika mkono, nikamweleza kwa upole kama mtu anavyomweleza mgonjwa. "Mama, yule ni kaka yake. Na vita vimekwisha. Baba Salamu mwenyewe ndiye aliyetangaza."

"Haya, mwanangu," akasema, akanywa chai yake.

Haya ile niliichukua kuwa ni kukubali. Leo nikiisikia tena kichwani naona haikuwa hivyo hata kidogo.

Watu walipopungua, Elia alinigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa katika nyumba ile. "Shemeji, wewe unaonaje? Sema bila utani."

Nikamwambia, "Nenda ukamzike kaka yako. Mtu aliyekufa kwa ugonjwa hana adui wa kukusubiri njiani."

Nilisema hivyo, na nilikuwa nimefikiri kabla ya kusema. Siwezi kujitetea kwamba nilipayuka.

Tulimsindikiza mpaka kituo cha mabasi ya uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa koti lake zito la baridi, na Riziki akamwambia alivue, kule atachemka. "Nitamvika mkwe wangu mama yako," alijibu, "aone jinsi binti yake anavyoteswa huku." Alipopanda alimwonyesha dereva kidole gumba, dereva kwa dereva, kisha akakaa upande wa dirisha.

Alipiga simu alipofika mji mkuu. Alisema amelala vizuri, na kesho anachukua barabara ya kuelekea ziwani. Baada ya hapo simu yake haikulia tena. Riziki alipika, akaenda kazini, akarudi, akapika. Mimi nilikuwa nikitoka hospitali napanda treni moja kwa moja mpaka kwake, Akalla, na kila nikifungua mlango naye ananitazama usoni kabla ya kunisalimu. Televisheni haikuzimwa. Tuliiacha iseme kutwa: waziri anafungua daraja, waziri anapokea maua, wanafunzi wanaimba.

Kisha ikaja jioni ambayo Baba Salamu alisoma jina la Elia. Alisoma kwa sauti ile ile, wala hakuharakisha. Elia, mkazi wa Uswidi, amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari zimfikie mkewe Riziki. Mazishi yatatangazwa baadaye.

Riziki alikuwa anakunja nguo. Akaiuliza televisheni, taratibu kabisa, kama mtu aliyekosa kusikia vizuri, "Aliugua nini?"

Televisheni ikaendelea na tangazo la pili.

Siku chache baadaye ndipo binamu mmoja wa Elia aliyekuwa amevuka mpaka alipotupigia. Kwanza alilia. Halafu akatuuliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo. "Si tuliwatangazia? Mbona mlimwacha aje?"

Kidogo kidogo akatueleza. Yakobo alikuwa amechukuliwa nyumbani kwake na askari, kwa sababu aliuliza hadharani waliko vijana wa mtaa wake waliopotea baada ya vita. Hakurudi. Yeyote aliyekwenda kuulizia mwili wake alishikwa naye. Jamaa walitaka kumwonya Elia asithubutu kuja, lakini simu zilikuwa zinasikilizwa, na redio haikuruhusiwa kusoma kwamba mtu ameuawa. Mtu wa wizara alikuwa ametoa maneno yanayokubalika, na kwa kifo cha aina ile yalikuwa hayo: kuugua kwa muda mfupi. Kule kila mtu alikuwa ameshajua maana yake. Hata mtoto wa shule akisikia mtu ameugua kwa muda mfupi na mazishi yatatangazwa baadaye, alijua kwamba mtu huyo ameuawa, mwili haupo, na msiende kuuliza. Ndugu zake walimpelekea Elia onyo kwa maneno yaliyobaki. Waliamini wamemwambia wazi.

Nasi tulikuwa tumeondoka kabla maneno hayajageuka. Kiswahili tulikuwa nacho, tena tulikuwa tunajisifu kwamba tumekitunza vizuri kuliko hata waliobaki. Lakini kilikuwa Kiswahili cha mwaka tulioondoka. Elia akaenda mpaka kambini kwa wale askari, akiwa na koti mkononi, akaomba apewe mwili wa kaka yake akauzike.

Tukakaa matanga tena katika nyumba ile ile, na Mama Kiza akaja tena. Siku ile mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu yote niliimwaga kwa Baba Salamu. Nilimwita mwongo, kibaraka, mtu aliyeuza koo lake.

"Usimtukane," Mama Kiza alisema. "Yule mtu alikuwa anapewa karatasi imekwisha kupigwa mhuri. Kule tulikuwa tunamsikiliza anavyovuta pumzi. Akivuta pumzi kabla ya kusema kuugua, tunajua. Hiyo tu ndiyo aliyoachiwa, pumzi."

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Uliniuliza?"

Akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nilikaa hapa hapa. Nimetoka kule juzi, nguo zangu bado zinanuka moshi wa kule. Mliniuliza juu ya theluji. Mkaniuliza kama ninaona baridi. Habari za kwetu mkaziuliza televisheni, na mimi mkanipa chai. Nilipokuambia akae kwanza, ukanishika mkono kama mtu mwenye homa."

Riziki alikuwa anasikiliza. Mama Kiza akamgeukia yeye, na hapo sauti yake ikabadilika.

"Lakini mwanangu, sitaki nimwachie Yaya wako mzigo wote. Neno lilikuwa mdomoni mwangu nikalimeza. Kule, habari ikisomwa, huongezi neno lako mbele ya watu. Hujui nani amekaa karibu na mlango. Nilipanda ndege mbili kufika huku, na siku ile bado nilitazama mlango kwanza. Nikaona nyuso nisizozijua. Nikasema haya."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Serikali ile ilishika redio moja na televisheni moja, katika nchi ya mbali. Lakini mkono wake ulifika mpaka ghorofa ya nne, Akalla, ukafunga mdomo wa mama mmoja mwenye kikombe cha chai. Na haukuhitaji kutumia nguvu, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tumekwisha kuipa redio ile imani yetu yote, bila kubakiza hata kidogo kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele yetu.

Ibada ya kumwombea Elia ilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Mchungaji aliniomba nisome tangazo la msiba. Nilikuwa nimeliandaa, nikafika mbele, nikaanza kusoma jina na umri na mji aliotoka. Nilipofika kwenye neno amefariki, nikasita. Baada ya neno hilo, mdomo wangu wenyewe ulikuwa unataka kusema yale ya kila siku: baada ya kuugua. Ndivyo tulivyozoea kutangaza vifo tangu utoto wetu, na sikuwa na mengine. Watu wakasubiri.

Mama Kiza akainuka mahali alipokaa. Hakuja mbele.

"Elia hakuugua," akasema. "Elia aliuawa. Na mume wangu, waliyetangaza kwamba aliugua kwa muda mfupi, naye hakuugua. Walimtoa shambani kwake mchana."

Mwanawe alikuwa pembeni yake. Alimtazama mama yake akafunika uso kwa mikono miwili. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kuambiwa. Alikuwa hapa Stockholm baba yake alipokufa, akasikia tangazo, akaamini ni malaria.

Riziki alimwendea Mama Kiza, akamshika kiuno, wakasimama pamoja mpaka mchungaji alipoanza kuomba. Mazishi ya Elia hayajatangazwa mpaka leo.

Miaka imepita. Baba Salamu naye alikufa, na msomaji mwingine akatangaza kwamba amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa mzee, mwanangu. Pengine aliugua kweli, kama wazee wanavyougua. Hatujui, na hatutajua. Tulipiga simu huku na huku tukiulizana, na wengine walisema wamemwua kwa sababu ya pumzi zile. Hilo nalo linanihuzunisha kwa namna yake. Neno likishatumika kufunika mauaji, hata mtu aliyekufa kitandani kwake, akiwa ameshikwa mkono na wanawe, anakosa kuaminiwa.

Ninakuandikia haya kwa sababu ninakuona ukipita na vitu vyako masikioni, unajua kilichotokea duniani kabla mimi sijavaa viatu. Nafurahi kwamba unajua. Sikulaumu, na sikuambii uache kusikiliza. Ninachokuomba ni hiki. Ukipata habari ya mahali fulani, hasa mahali palipotoka vitani, hasa kama inasomwa na sauti moja tu na wengine wamenyamazishwa, jiulize kwanza kama sauti hiyo inaweza kuulizwa swali. Kama haiwezi, mtafute mtu aliyetoka huko. Mara nyingi yuko karibu kuliko unavyodhani. Yuko kule mtaa wa Bredäng, yuko kwenye kiti cha nyuma kanisani, anafagia ngazi za jengo lako. Mwulize, kisha unyamaze, maana huenda ameshazoea kumeza. Usimwulize mbele ya watu asiowajua. Akikujibu haya tu, usiondoke. Kaa naye mpaka haya hiyo iishe na neno lenyewe litoke.

Na ikiwa siku moja wewe ndiye utakayepewa kipaza sauti, kwetu au hapa, na wakakuambia kwamba maneno fulani tu ndiyo yanayokubalika kwa ajili ya amani, usikimbilie kupiga makofi kama nilivyopiga mimi. Amani ni jambo jema, na wanaokuambia hivyo huenda nao wanaitaka kweli. Waulize tu: mtu akiuawa, tutasemaje? Kama hawana jibu, basi umeshajua unaajiriwa kufanya nini.

Mungu akupe, mwanangu, watu unaoweza kuwauliza, na akupe subira ya kuwasikiliza mpaka mwisho. Siku zako ziwe nyingi. Na siku zikitimia, ndugu zako wajue ulivyokufa, na wakuzike kwa mikono yao.